Mfuko wa Karema: Pesa za Ukombozi na Wasichana wa Ufipa

Tukizungumzia wafadhili na harakati za wanawake Tanzania, simulizi huwa linaanzia Dar es Salaam. TAMWA, 1987. TGNP, 1993. Mkutano wa Beijing, 1995. Baada ya hapo maandiko ya miradi, semina za hotelini, fulana na kofia. Si simulizi la uongo. Ila kwa sisi wa Rukwa limechelewa kuanza kwa miaka mia moja. Pesa zilizochangwa na watu wa mbali ili kumkomboa mwanamke zilishafika huku tangu enzi za misafara ya watumwa, na zilipita kwenye mikono ambayo tunaweza kuitaja.

Naliandika hili kwa sababu swali linaloulizwa sasa na wenye pesa, yaani namna nzuri ya kufadhili harakati za wanawake, huwa linajibiwa kama vile halijawahi kujaribiwa popote. Limejaribiwa. Mahali pamoja palipojaribiwa ni Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Wamisionari wa Karema hawakuwa wafeministi, na wangeshtuka kuitwa hivyo. Lakini walikusanya pesa kwa jina la wanawake na watoto, wakazitumia kwa wanawake na watoto, na matokeo yake tunayo. Hebu tuyasome.

Kabla ya pesa

Pesa hizo hazikukuta uwanja mtupu. Masimulizi ya Wafipa kuhusu chimbuko la utawala wa Watwa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyakusanya na kuyachambua katika kitabu chake A State in the Making (1981), yanaanza na wanawake. Wanawake watatu wageni wanafika Milansi, makao ya mtawala wa zamani aitwaye Ntatakwa, na mwenyewe hayupo. Anaporudi anakuta kiti kimeshakaliwa. Yanafanyika mapatano: wageni wanachukua nchi, mwenyeji anabaki na Milansi na heshima yake ya kimila. Kutoka kwa wageni hao zikatokea falme mbili zilizogawana uwanda, Nkansi na Lyangalile.

Mtu asije akaniambia kwamba Ufipa ilikuwa pepo ya wanawake. Waliokalia kiti hicho baadaye ni wanaume. Ninachosema ni kwamba watu hawa walikuwa na lugha ya kuzungumzia mamlaka ya mwanamke. Willis anaeleza hata cheo cha kijijini cha mwanamke aliyechaguliwa na wanawake wenzake ili aamue makosa ya aina fulani. Na shambani, kwenye yale matuta ya mviringo ya kufukia majani ambayo Ufipa inajulikana nayo, mwanamke aliyetaka nguvu kazi alipika pombe, majirani wakaja kulima, wakanywa pamoja. Huo nao ulikuwa mtaji. Hakuuombea kwa mtu.

Kilichovuruga mambo ni karne ya 19. Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe akafia hukohuko. Nyuma yao ikashamiri biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwanahistoria Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya maisha ya watumwa na wanawake wa ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, anaonyesha jinsi mwanamke aliyetenganishwa na ndugu zake alivyogeuka kuwa mali ya kulipia madeni, ya kumalizia kesi, ya kubadilishana. Hapo ndipo mfuko wa kutoka mbali ulipoingia.

Sarafu za Lyon

Kuuelewa mfuko huo inabidi tutoke Ufipa kwa muda tuende Lyon, Ufaransa, mji wa viwanda vya hariri. Mwaka 1799 alizaliwa huko Pauline Jaricot, binti wa tajiri wa hariri. Akiwa na umri wa miaka ishirini hivi alianza kuwaomba wafanyakazi wa kike wa viwandani watoe sou moja kwa wiki, sarafu ndogo kabisa, kwa ajili ya misheni za mbali. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mtu mmoja anakusanya kwa wenzake kumi, kila kumi lina msimamizi, na wasimamizi nao wana msimamizi wao. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa mpango.

Mei 1822 mpango huo ukafanywa chama rasmi cha Kueneza Imani. Walioketi kwenye baraza lake walikuwa wanaume. Binti aliyebuni njia ya kukusanya pesa akawekwa pembeni, na kwa miaka mingi hata sifa ya uanzilishi hakupewa. Baadaye alijaribu kuanzisha kiwanda kwa ajili ya wafanyakazi, akadhulumiwa na waliomsimamia, akaingia kwenye madeni makubwa, na mwaka 1862 akafa maskini. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2022, miaka 160 baada ya kifo chake.

Namkumbuka Jaricot kila ninaposikia neno "wafadhili" likitamkwa kana kwamba ni watu wenye suti tu. Sehemu ya pesa zilizoendesha misheni za Afrika, Karema ikiwemo, ilitoka kwa wanawake wa viwandani waliojinyima. Ila mwanamke wa Lyon aliyetoa sou yake hakukaa kwenye kikao kilichoigawa, sawa na msichana wa Karema aliyenufaika nayo. Pesa ilitoka kwa mwanamke ikafika kwa mwanamke, na katikati ikapita kwenye meza ambayo hawakuwepo wote wawili.

Kufikia mwaka 1888 mfuko ukapata msukumo mpya. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na miji mingine ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Alikuwa msemaji wa kutisha. Alieleza njia za misafara zilizojaa mifupa, wanawake waliofungwa minyororo, watoto walioachwa njiani. Papa Leo XIII akatoa mchango mkubwa, na mwaka 1890 akaagiza kila mwaka pawepo mchango wa Epifania kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiangalia matangazo ya kuchangisha pesa ya siku hizi, picha ya msichana mwenye macho makubwa na namba ya kutuma pesa chini yake, utaona kwamba Lavigerie alishaijua kazi hiyo kabla ya sisi wote.

Mvulana mmoja, wasichana wengi

Karema yenyewe ilianzishwa mwaka 1879 kama kituo cha chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Leo ipo mkoa wa Katavi, ambao hadi 2012 ulikuwa sehemu ya Rukwa, lakini kwa historia ya dini Ufipa yote ilikuwa chini yake: hata jimbo Katoliki la Sumbawanga liliitwa Jimbo la Karema mpaka mwaka 1969.

Pesa za ukombozi zilifanya kazi hivi: mapadri walilipa fidia kwa wafanyabiashara au kwa mabwana, mtoto akachukuliwa misheni, akalelewa, akabatizwa. Katika ukombozi wa aina hii haikuwa ajabu mchangiaji wa Ulaya kupendekeza jina la ubatizo la mtoto. Hapo nasimama kidogo. Mtu anatoa pesa, mtoto anapona, na mtoa pesa anachagua jina. Siwezi kubeza pesa iliyomtoa mtoto kwenye mnyororo. Kati ya kufa njiani na kuishi Karema kwa jina la kigeni, nani asingechagua Karema? Lakini angalia kilichofuata.

Chukua mvulana mmoja, Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mdogo, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Karibu miaka sabini ya kazi. Jina lake lipo kwenye hospitali mjini Sumbawanga, na ni haki yake. Ukitaka mfano wa pesa ya mfadhili iliyotumika vizuri, huyo hapo: walimlipia fidia, wakamlipia elimu, wakamwachia taaluma aliyoishi nayo maisha yake yote.

Sasa niulize: hospitali au shule iliyopewa jina la msichana aliyekombolewa Karema iko wapi? Wasichana walikuwepo wengi. Mpango kwa ajili yao haukuwa Malta. Mpango ulikuwa waolewe na vijana Wakristo wa misheni ili zipatikane familia za Kikristo, vijiji vya Kikristo. Msichana alikuwa njia ya kufikia lengo. Hakuwa na ndugu wa kupokea mahari wala wa kumtetea akipigwa, kwa hiyo misheni ilisimama mahali pa baba. Alitoka kwa bwana mmoja, akawa chini ya mlezi mwingine, mpole zaidi, ambaye naye alishajua aolewe na nani wa aina gani.

Tofauti kati ya Atiman na wasichana wale haikutoka kwenye kiasi cha pesa. Mfuko ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ni nini mwenye mfuko aliona kinawezekana kwa kila mmoja.

Nyumba ya masista

Mwaka 1894 Masista Weupe, shirika la kike ambalo Lavigerie alilianzisha mwaka 1869, walifika Karema. Mwanahistoria Kathleen Smythe ameandika kwa kina juu ya wanawake wa Karema na masista hao, na pia juu ya familia za Wafipa wa Nkansi. Maandishi yake ndiyo yaliyonifanya niione habari hii kwa jicho jingine.

Masista walipewa kazi ya kuwalea wasichana wawe wake wema. Basi, kumbe ndani ya nyumba hiyo baadhi ya wasichana waliona kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango: wanawake wanaoishi bila mume, wanaosoma, wanaotibu, wanaosimamia shamba na nyumba yao wenyewe. Wakakitaka. Katika miaka kumi ya kwanza ya karne ya 20, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, likazaliwa shirika la masista Waafrika, ambalo leo tunalijua kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Ni miongoni mwa mashirika ya zamani ya watawa wa kike Waafrika katika sehemu hii ya bara.

Habari hizo zilipopanda uwandani kwenye vijiji vya Wafipa, kasheshe ikaanza. Binti asiyezaa ni hasara kwa ukoo: hakuna mahari, hakuna wajukuu, hakuna wa kuendeleza majina ya wazee. Wazazi wengi walipinga. Kuna mabinti waliokwenda hivyohivyo. Mimi sijui neno bora zaidi la kumwita msichana wa Nkansi aliyesema hapana kwa mchumba, akasema hapana kwa baba yake, akaenda kutafuta maisha ambayo ukoo wake ulikuwa haujawahi kuyaona. Kwamba alikwenda kuapa utii kwa askofu haifuti ile hapana ya kwanza.

Hilo ndilo jambo lililobaki. Shirika hilo lipo hadi leo, lina shule na zahanati, lina viongozi wake wa kike. Wafadhili wa Lyon na Paris hawakuchangia ili lizaliwe. Wao walichangia fidia na ndoa. Shirika lilizaliwa pembeni, kwa sababu pesa ilikuwa imejenga nyumba ambayo wanawake walikaa pamoja kwa miaka mingi, wakajifunza, wakazoeana, wakaanza kutaka mambo yao wenyewe. Kilichozaa matunda ni muda na mahali pa kukaa, kuliko lengo lililoandikwa kwenye barua ya maombi.

Waliojilipia

Wapo pia ambao hawakungoja mfuko wa mtu. Katika kitabu cha Wright yupo mwanamke aitwaye Bwanikwa, Mluba kutoka Kongo, ambaye maisha yake yalisimuliwa kwa mmisionari mmoja aliyehesabu kwamba alikuwa mtumwa mara 10. Mwishoni, mwanzoni mwa karne ya 20, alijikomboa kwa mali aliyoitafuta kwa mikono yake. Na aliyemlipa ili awe huru alikuwa mume wake mwenyewe. Misheni ilikuwa jirani na haikuwa imemaliza tatizo hilo, kwa sababu kwa macho ya misheni mke wa mtu hakuwa mtumwa.

Miaka ya 1950 ikaleta mfano mkubwa zaidi. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake TANU mwaka 1955, hakuwa na ruzuku. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, kwa wapika pombe na wauza vitumbua, watu waliokuwa tayari na desturi ya kuchangiana. Susan Geiger, aliyeandika historia ya wanawake hao, anaonyesha kwamba ndani ya miezi michache walijiandikisha wanawake wapatao 5,000. Harakati ilikuwa imeshajifadhili kabla haijapewa jina la harakati.

Lakini tusijidanganye kwamba michango inatosha kwa kila kitu. Mkono mtupu haulambwi. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoanza katikati ya miaka ya 1990 chini ya Anna Tibaijuka, lilikuwa na wanachama nchi nzima. Likasimamishwa mwaka 1996 na kufutiwa usajili mwaka 1997, likituhumiwa kufanya siasa. Likaenda Mahakama Kuu. Kesi inataka mawakili, nauli, ofisi inayoendelea kulipiwa kodi ya pango wakati shughuli zimezuiwa. Michango ya kikundi cha ngoma haibebi mzigo wa namna hiyo kwa miaka.

Kwa mwenye mfuko wa leo

Shirika la AWID liliwahi kuuliza mashirika ya wanawake duniani yalikuwa na pesa kiasi gani mwaka 2010. Mashirika 740 yaliyojibu yalikuwa na jumla ya dola milioni 106 kwa mwaka mzima. Mwaka huohuo World Vision peke yake ilikuwa na dola bilioni 2.6. Shirika la kati katika yale 740 liliendeshwa kwa dola 20,000 hivi. Maneno "mwanamke na msichana" yamejaa kwenye maandiko ya miradi ya kila mtu, ila pesa yenyewe inapita njia nyingine. Ni Lyon tena: jina la mwanamke mlangoni, wengine mezani.

Wapo waliojaribu kubadilisha meza. Mwaka 1983 huko Amsterdam, Marjan Sax, aliyekuwa amerithi mali, aliungana na wenzake wanne wakaanzisha Mama Cash, mfuko ambao wanawake wenyewe wanaamua nani apewe. Mwaka 2000 ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, makao yake Accra. Hapa kwetu Mfuko wa Wanawake Tanzania ulianza mwaka 2008. Mifuko hii si mikamilifu, lakini tofauti yake na mfuko wa Karema ni ya msingi: anayeomba na anayegawa wanatoka kwenye maisha yanayofanana.

Mfadhili akiniuliza mimi, ningemwambia mambo matatu niliyoyatoa Karema. Kwanza, lipia nyumba. Kodi ya pango, mshahara wa mhasibu, umeme, gari linaloweza kupanda milima ya Ufipa wakati wa masika. Miradi ya miezi 18 haijengi mahali pa wanawake kukaa pamoja mpaka wajue wanachotaka. Pili, usichague jina. Ukishaandika kwenye fomu kwamba mwanamke wa Sumbawanga vijijini lazima awe "mjasiriamali" au "manusura" ndipo apate pesa, umefanya alichofanya mchangiaji wa Ulaya kwa mtoto wa Karema. Huenda yeye anataka hati ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Huenda anataka kugombea udiwani. Tatu, mpe Atiman wa kike Malta yake. Kumlipia msichana ada ya kidato cha nne ni vizuri. Kumlipia awe wakili anayerudi Rukwa ni jambo jingine kabisa.

Na mfadhili akisema anaogopa pesa zitaliwa, nampeleka kwenye kikundi chochote cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, na mweka hazina anayelitunza sanduku hapewi funguo hata moja. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Mapadri walituandikia shajara za kila kituo, na ndizo zinazotusaidia leo kujua mambo ya Karema. Lakini hesabu ya mfuko wenyewe haikuwahi kusomwa kwa sauti mbele ya wasichana walionunuliwa uhuru kwa pesa hizo. Wangeulizwa siku hiyo zilizobaki zitumikeje, nadhani tungekuwa na majina mengi zaidi ya kuandika kwenye milango ya hospitali.